Mkeka Huanzia Kwenye Mbegu

Kila tukutanapo harusini au matangani hatukosi kusikia malalamiko yale yale: binti zetu wa siku hizi hawajui kusuka. Mkeka ni wa plastiki, msala umetoka ng'ambo, hata kawa la kufunikia chakula hununuliwa dukani. Lawama zote huwaangukia wasichana. Mimi naona tunawaonea.

Juzi bibi mmoja, jirani yetu, alitaka kumsukia mjukuu wake msala. Mikono anayo, na ujuzi anao. Alichokosa ni ukindu. Alizunguka sokoni siku mbili, akarudi na kicha kimoja kikavu kilichokatika kila alipokichana. Je, huyo mjukuu atajifunzia nini?

Ukweli ni kwamba tumekata bila ya kupanda. Mkindu hupenda mahali penye maji, kama vile mabondeni na kandokando ya mto Tana. Bonde likilimwa au likijengwa, mikindu hufyekwa. Na hiyo iliyobaki, wengine huikata majani machanga yote kwa mara moja, mti ukadhoofika.

Kuupanda si kazi ya kumshinda mtu. Chukua matunda yaliyoiva yakawa ya rangi ya machungwa, yaondoe nyama, roweka mbegu siku nzima, kisha zifukie kivulini katika udongo usiokauka. Usikate tamaa, kwani huchukua miezi kuota. Tena panda kadha, kwa sababu mikindu ina dume na jike, na jike ndilo lizaalo. Mwenye haraka na achimbue chipukizi shinani mwa mti mkubwa, pamoja na mizizi yake.

Itapita miaka kabla ya kuvuna, ndiyo. Lakini minazi tunayoikwea leo ilipandwa na nani? Nasi Waislamu tumefunzwa kwamba mtu akipanda mti, akala humo binadamu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Na ndege huyapenda sana matunda ya mkindu.

Basi kila msikiti na kila chuo chenye kiwanja, ambapo maji ya kutawadhia humwagika bure, pasikose mikindu mitatu minne. Tukishapanda, hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kuwauliza binti zetu mbona hawasuki.