Kwa nini chipukizi mmoja huitwa lulu na mwingine mzigo?

Kila baada ya mechi kubwa ya Ligi Kuu, ujumbe wa wasikilizaji wetu kutoka Mpanda, Nsimbo, Mlele na Mpimbwe huja na swali linalofanana: huyu dogo ni mchezaji kweli, au anabebwa na magazeti na redio?

Tuanze na Clement Mzize wa Yanga. Alipandishwa kutoka kikosi cha vijana mwaka 2022 akiwa bado hajatimiza miaka 20. Mwaka uliofuata Fiston Mayele aliondoka kwenda Pyramids ya Misri, macho yote yakahamia kwa kijana. Kila nafasi aliyokosa ilirudiwa kwenye vipindi vya michezo, na kwenye vibandaumiza akawa kichekesho. Halafu Januari 2025 akaifunga TP Mazembe mabao mawili Dar es Salaam, na Agosti mwaka huohuo, kwenye CHAN, akafunga yote mawili Taifa Stars ilipoichapa Madagascar 2-1. Wachambuzi walewale wakaanza kuuliza kwa nini bado hajauzwa Ulaya.

Je, Mzize alibadilika? Ndiyo, kiasi. Mshambuliaji wa miaka 19 hukosa mabao, kwa sababu utulivu mbele ya kipa huja kwa kucheza mechi nyingi. Lakini sifa zilipaa haraka kuliko kiwango, kama lawama zilivyokuwa zimepaa mwanzoni.

Kelvin John alipitia njia ya kinyume. Aprili 2019, Tanzania ilipoandaa AFCON ya vijana chini ya miaka 17, alikuwa na miaka 15 na tayari vyombo vya habari vilikuwa vimembatiza "Mbappe". Serengeti Boys walifungwa mechi zote tatu: 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola. Mwaka 2021 alijiunga na Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2024 akahamia Aalborg ya Denmark. Kwa kijana wa Kitanzania hiyo ni kazi nzuri ya soka. Ila ukilipima kwa jina alilopewa, linaonekana pungufu, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Mbwana Samatta, aliyepita Genk kabla yake, alifika huko akiwa na miaka 23, baada ya Simba na miaka kadhaa TP Mazembe. Hakuna aliyemtaka awe mtu mwingine akiwa na miaka 15.

Kibu Denis wa Simba hakuwa mtoto alipopata umaarufu, lakini habari yake inatugusa watu wa Katavi, mkoa wenye Katumba na Mishamo. Alitoka kwenye familia ya wakimbizi na kupewa uraia wa Tanzania mwaka 2021. Kwa miaka mingi amepimwa kwa mabao tu, kana kwamba ni straika wa kati, wakati kazi yake kubwa ni kukimbia pembeni, kuwabana mabeki wa timu pinzani na kurudi kusaidia ulinzi. Desemba 15, 2024 alifunga mara mbili dhidi ya CS Sfaxien, la pili kwenye dakika za nyongeza, Simba ikashinda 2-1. Wiki hiyo akawa shujaa, lakini kazi yake uwanjani ilikuwa ileile ya wiki iliyotangulia.

Sababu ya tofauti hizi tunaijua, maana nasi tumo. Simba na Yanga ndizo zinazoleta simu, maoni na matangazo. Kila klabu ina msemaji wake anayejua kumpamba mchezaji wake na kumchokoza wa jirani. Kijana wa timu ya mkoani hutajwa siku anapokutana na vigogo hao. Akikosea mbele yao, kosa hilo ndilo linalobaki vichwani. Mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021, wa miaka 10 na shilingi bilioni 225.6, umefanya mechi nyingi zionekane. Kuzizungumzia zote ni jambo jingine. Hata sisi studioni tumewahi kumwita kijana "mzigo" bila kujua amecheza dakika ngapi.

Huku kwetu maneno hayo yana gharama. Mzazi anayesikia kwamba dogo wa miaka 16 ni "Mbappe" anaweza kuuza ng'ombe kumsafirisha mwanawe Dar es Salaam kwa mtu anayejiita wakala. Na kijana aliyesikia akiitwa mzigo redioni anaweza kuacha mpira kabla hajakomaa.

Kwa hiyo ukisikia uchambuzi, hata wetu, uliza: ana miaka mingapi? Anacheza nafasi gani, na kocha amempa kazi gani? Amecheza dakika ngapi msimu huu? Je, mchambuzi angesema hivyo kama kijana angevaa jezi ya upande wa pili? Hilo la mwisho, tukiri, hutushinda hata sisi wenyewe.

Wenye vijana wanaocheza ndondo au ligi ya mkoa, mkitutumia habari zao, tuandikieni na nafasi wanayocheza. Mabao peke yake hayatutoshi kumweleza mtu.