Paka wa Nyumba Haingwa

Wahenga walisema, "Paka wa nyumba haingwa." Methali hii aghalabu hutumiwa kumsemea mtu: mwenyeji, jamaa, mwana wa ndani ambaye hata akikosa hafukuzwi. Lakini kabla ya kuwa fumbo la binadamu ilikuwa kweli ya paka. Aliyeitunga aliijua nyumba ambayo paka ana haki ndani yake, haki isiyotokana na hisani ya siku moja bali na kule kuingizwa, kulishwa, kupewa pembe ya kulala na kukabidhiwa panya wa nyumba kuwa kazi yake. Leo methali ingali inasemwa barazani, na paka anaingwa. Hutiwa katika kiroba pamoja na wanawe, akabebwa alfajiri hadi jaani au dikoni, akamwagwa huko, na aliyembeba akarudi kwake kunywa chai.

Viroba hivyo ndivyo vilivyozaa, visiwani na katika miji ya mwambao kama kwingineko duniani, fikra ya kujenga makazi ya wanyama waliotupwa. Na kila fikra hiyo itajwapo, husikika sauti mbili. Sauti ya kwanza hucheka: watoto wa watu wana njaa, na huyu anataka kuwajengea paka nyumba! Sauti ya pili husifu: wamejengewa, wameokolewa, sasa yamekwisha. Sauti hizi hugombana magazetini na barazani, ilhali zina jambo moja zinaloafikiana bila ya kujua. Zote mbili zimemsahau mwenye kiroba.

Ianze kujibiwa ile inayocheka. Husemwa kwamba huruma kwa wanyama ni desturi ya Wazungu, iliyoletwa pwani pamoja na watalii. Wasemao hivyo hawaijui historia ya Wazungu wala ya kwao. Mwaka 1860 mwanamke mmoja wa London, Mary Tealby, alifungua katika mtaa wa Holloway nyumba ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Waingereza wenziwe walimcheka kwa maneno yaleyale yanayosemwa leo Mji Mkongwe na Lamu: kwamba London ina maskini tele wasio na pa kulala, na mbwa wanatafutiwa malazi. Magazeti ya huko yalimfanyia kejeli. Tealby alifariki mwaka 1865. Nyumba yake ilihamia Battersea mwaka 1871, ikaanza kupokea paka mwaka 1883, na ingali ipo. Kejeli ile, basi, si hekima ya pwani inayojitetea mbele ya ugeni. Ni kejeli kongwe ya mji wowote ambao hautaki kuulizwa.

Na pwani ilikuwa na mafunzo yake zamani kabla ya Holloway kujengwa. Ni mtoto gani wa chuoni asiyejua habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka? Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie vidudu vya ardhi. Ni nani asiyejua habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, akasamehewa? Mbwa yule hakuwa wa mtu. Hakuwa akilinda nyumba wala kuwinda. Alikuwa na kiu tu, na hilo lilitosha. Yule anayeshika methali ya "mcheza na mbwa huingia naye msikitini" kuwa hati ya kumpiga mbwa mawe ameisoma kinyume. Methali inamwonya mtu juu ya mazoea, haimpi ruhusa ya ukatili. Mate ya mbwa yana hukumu yake ya kuoshwa. Mbavu zilizovunjwa kwa jiwe hazioshwi kwa maji.

Ama hoja ya watoto wenye njaa, ingekuwa nzito kama wenye kuisema wangekuwa ndio wanaowalisha. Anayefadhili mayatima hana wakati wa kuwaonea gere paka. Huruma si gunia la mchele kwamba kila pishi inayochotwa kwa huyu imepungua kwa yule. Mtoto anayeona kila siku vitoto vya paka vikimwagwa jaani kama maganda ya muhogo anafunzwa jambo, na analolifunzwa halitabaki kwa paka.

Sasa aitwe mwenye kiroba. Akiulizwa, atasema, "Sikuua." Kauli hii inastahili kupimwa. Kitoto cha paka huihitaji nyonyo ya mama yake kwa wiki kadhaa. Kutengwa naye kabla ya hapo na kuachwa juani ni kufa, isipokuwa kifo hicho kinapewa jua na kunguru wakifanye. Na paka mkubwa aliyezoea bakuli hajui vita vya dikoni. Aliyezaliwa nje ana ujuzi wa nje. Aliyelelewa ndani alinyang'anywa ujuzi huo siku alipopendwa. Hapo ndipo deni lilipo. Mtu anapomfuga mnyama humwondolea uwezo wa kuishi bila yake. Kumrudisha nje baada ya hapo si kumpa uhuru. Ni kumfilisi mtu kisha kumwambia aende akajitegemee.

Wapenzi wa lugha watazame pia namna Kiswahili kilivyobebeshwa dhambi hii. Lipo jina la mbwa asiye na mwenyewe: mbwa koko. Lipo jina la paka asiye na nyumba: paka shume. Majina yote mawili ni matusi, na yote mawili ameachiwa aliyetupwa. Aliyetupa hana jina. Anaitwa bwana fulani, bibi fulani, jirani mwema. Mnyama amepewa aibu ya kitendo alichotendewa, na washairi, ambao kazi yao ni kuyapima maneno, wameyapokea maneno haya kama yalivyo, wakayatia vina na mizani na kuwatukania wapinzani wao.

Wala asidhani msomaji kwamba mwenye kiroba ni mwenyeji peke yake. Yupo mgeni anayekuja kwa mkataba wa miaka miwili, akaokota kitoto cha mbwa ufukweni, akakipa jina na kamba nzuri ya shingoni. Mkataba ukiisha, humwachia mlinzi wa nyumba mbwa mzima, pamoja na pesa za chakula cha mwezi mmoja. Ipo hoteli inayowalisha paka katika msimu wa watalii kwa sababu wanapendeza katika picha, kisha masika yakianza na milango ikafungwa, paka hubaki na njaa, na idadi yao imeongezeka. Kiroba chao ni cha hariri, lakini ni kiroba.

Igeuzwe sasa shingo kuelekea sauti ya pili, ya wenye kusifu. Hawa ni watu wema, na kwa hiyo ni vigumu zaidi kuwakosoa. Wao huhesabu: makazi yamepokea paka kadhaa, yana matundu kadhaa, yanahitaji matundu zaidi. Hesabu hiyo haina mwisho. Mimba ya paka ni siku 63 hivi, na paka jike huweza kushika mimba kabla ya kutimiza miezi sita. Hakuna fundi awezaye kujenga matundu kwa kasi hiyo. Nyumba inayopokea bila kuuliza hugeuka jaa lenye paa: mwenye kiroba hupata mahali pasafi pa kutupia, na zaidi ya hapo hupata shukrani.

Historia imekwisha kuonyesha safari hiyo huishia wapi. Katika karne ya 19 mji wa New York ulikuwa ukiwakusanya mbwa wasio na wenyewe, ukawatia katika tundu la chuma na kulizamisha mtoni. Henry Bergh, aliyeasisi chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama mwaka 1866, alikataa hadi kufa kwake mwaka 1888 chama chake kisikabidhiwe kazi hiyo. Mwaka 1894 chama kilikubali, kwa nia njema ya kupunguza mateso, na mikono iliyoanzishwa kuokoa ikawa ndiyo inayoua kwa niaba ya mji. Karne nzima baadaye, chama hicho hicho kilikadiria kwamba wanyama wapatao milioni 2.6 waliuawa katika makazi ya Marekani mwaka 2011. Kufikia 2019 makadirio yalishuka hadi kiasi cha 920,000. Hawakupungua kwa sababu ya matundu mengi zaidi. Walipungua kwa kuhasiwa, kwa waliopotea kurudishwa kwa wenyewe, na kwa wengine kupata walezi.

Istanbul ilifanya vibaya zaidi. Mwaka 1910 mbwa wa mji ule, makumi ya maelfu, walikusanywa na kupelekwa katika kisiwa cha mawe kiitwacho Sivriada, kisichokuwa na maji wala chakula, wakafa huko kwa kiu, njaa na kuumana. Waswahili husema mbwa hafi maji akiona ufuko. Mbwa wale waliuona ufuko wa mji wao, na walikufa. Jina lililotumika lilikuwa usafi wa mji. Miaka 114 baadaye, Julai 2024, bunge la Uturuki lilipitisha sheria ya kuwaondoa mbwa mitaani na kuwatia katika makazi, ikachukua nafasi ya utaratibu wa mwaka 2004 wa kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha walikotolewa. Neno "makazi" ni tamu. Lakini mamilioni ya mbwa hawatoshi katika makazi yaliyopo, na kila mwenye akili anajua neno tamu hilo litamaanisha nini pale nafasi itakapokwisha.

Kuna mnyama ambaye ugonjwa au jeraha lake halina dawa, na kumpumzisha kwa sindano ni rehema. Hilo lisemwe bila ya kigugumizi. Lakini sindano inayochomwa kwa sababu tundu limejaa si rehema. Ni hesabu, na iitwe hesabu.

Je, hapana njia nyingine? Ipo, na visiwa vya mwambao vimekwisha kuiona. Mwaka 1987 Elisabeth Svendsen, aliyekuwa ameasisi hifadhi ya punda huko Uingereza, alianzisha kituo Lamu. Kituo kile hakikuwanyang'anya watu punda wao kikawafungia nyuma ya ukuta ili wageni waje kuwahurumia. Punda hutibiwa kisha hurudi kwa mwenyewe na kwenye kazi yake. Yakawekwa hata mashindano ya punda waliotunzwa vyema, na mshindi ni mwenye punda. Fahari ikawekwa pahala pake. Mji ambao zamani uliweza kusema "heri punda afe mzigo wa tajiri ufike" ukapata sababu ya kujivunia punda mwenye afya.

Pemba nayo ina somo kubwa zaidi, ingawa ni wachache wanaolisimulia. Kuanzia mwaka 2010 mbwa wa kisiwa kizima walichanjwa mwaka hadi mwaka, na kufikia Mei 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka. Kisha chanjo ikalegezwa. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa uliingia tena kutoka nje ya kisiwa, na ikabidi kampeni irejeshwe hadi ulipotokomezwa mara ya pili, Oktoba 2018. Hapo waliokolewa watu, tena sana watoto, kwa kuwahudumia mbwa. Hakikujengwa tundu hata moja. Ile sauti inayocheka ijibu: fedha zile zilitumika kwa mbwa au kwa watoto?

Kutokana na haya, makazi ya wanyama yanaweza kuhukumiwa kwa haki. Yawe hospitali kabla ya kuwa bweni. Yapokee mgonjwa, kitoto kisicho na mama na aliyeteswa, na yawe na haraka ya kuwatoa, si fahari ya kuwajaza. Paka wa mtaani mwenye afya, anayelishwa na wavuvi na kujulikana na wenye maduka, asitiwe ndani kwa jina la kuokolewa. Ahasiwe, achanjwe, arudishwe kwenye kibaraza chake. Kumfungia ni kuirudia kwa bakuli la maziwa hadithi ya yule mwanamke. Na fedha za kumsafirisha mbwa mmoja kwa ndege hadi Ulaya, ili mtalii apate kisa cha kusimulia, zingefanya kazi kubwa zaidi mezani pa daktari wa mifugo.

Wapo watakaopinga kuhasi, wakisema ni kubadili maumbile. Wanazuoni wamekhitalifiana katika jambo hili, na wamo walioruhusu penye maslahi pasipo madhara. Lakini wapingaji wengi hukaa arusini wakala ndafu bila ya kuuliza alinoneshwa vipi. Haiwezekani kisu kiwe halali kwa ajili ya pilau na kiwe haramu kwa ajili ya kuzuia kiroba.

Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Sheria ni nzuri, lakini alfajiri hapana askari jaani. Mwenye kiroba ataachishwa na jirani yake, na mkewe, na mwanawe, na imamu wake, na siku atakapoona haya kuonekana. Kazi ya kumtia haya ni ya lugha. Kiswahili kina mbwa koko na paka shume. Sasa kitafute jina la aliyewatupa. Washairi wa visiwani wamekwisha kushindana kutunga majina ya mahabuba, ya mahasimu na ya wanasiasa. Watunge na hili moja, liwe fupi, liwe kali, na watoto waliweze kulitamka wanapomwona mtu na kiroba chake akielekea dikoni.