Honi ya lori itengenezwe kabla ya pamba

Msimu wa kununua pamba Simiyu kwa kawaida hufunguliwa Mei. Malori makuukuu huanza kusomba mzigo kutoka vituoni kwenda viwandani, yakipita kati ya ng'ombe, baiskeli na watoto wa shule. Lori lenye mzigo halisimami ghafla. Honi ndiyo hutangulia.

Ikigoma, usikimbilie kununua mpya. Angalia fyuzi kwanza, kisha ipe honi umeme wa betri moja kwa moja. Ikilia, ni nzima. Hapo kagua rilei, waya na usukani wenyewe. Katika malori mengi ya zamani, chini ya usukani kuna ringi ya shaba na kidole kinachoigusa. Vumbi na kutu hukata mkondo hapo. Fundi achomoe waya wa betri, afungue, asafishe, ajaribu tena.

Wapo wanaofunga swichi pembeni ya dashibodi na kuiacha hapo miaka. Hiyo si dawa. Dereva anayekwepa ng'ombe anahitaji mikono yote miwili usukanini. Tajiri wa lori, ujira wa fundi huyo ni mdogo kuliko fidia ya ng'ombe mmoja, sembuse roho ya mtu.