LSAT: Acha kuhesabu maswali, kagua makosa yako

Kama ndoto yako ni kusomea sheria Marekani au Kanada, huenda tayari una programu ya maswali kwenye simu. Kila jioni ndani ya matatu unapiga maswali ishirini, thelathini hivi. Unatazama majibu, unaona umepata kumi na nane, unajiambia "si mbaya", unafunga simu. Kesho tena. Miezi mitatu baadaye alama ni zilezile, na unaanza kushuku kwamba labda wewe si mtu wa sheria.

Hapana bwana. Hujafanya mazoezi bado, umejipima tu kila siku.

Kwanza tuelewane ni nani anayeuhitaji mtihani huu. Hapa Kenya, ukitoka kidato cha nne, gredi zako za KCSE ndizo hukufungulia mlango wa shahada ya sheria. Na kama tayari una shahada hiyo na unatafuta uzamili tu ng'ambo, kwa kawaida hutaulizwa LSAT, kwa hivyo weka pesa zako mfukoni. LSAT ni ya yule mwenye digrii ya uchumi, ualimu au kompyuta anayetaka kuanza sheria kule. Ada yake inazidi dola 200, yaani zaidi ya Sh25,000. Alama huanzia 120 hadi 180, na shule nyingi huzitazama pia zinapoamua nani apewe ufadhili. Kwa kijana wa Umoja au Kisauni, bila ufadhili hakuna safari.

Tangu Agosti 2024, yale mafumbo ya kupanga watu kwenye viti yameondolewa. Sehemu zinazohesabiwa sasa ni tatu: mbili za kufikiri kimantiki na moja ya ufahamu. (Ukiuziwa kitabu cha mitumba kilichojaa mafumbo hayo, mrudishie mwenyewe.) Maana yake ni kwamba mantiki ndiyo imebeba mtihani. Kila sehemu ni dakika 35 kwa maswali kama 25, na kila swali lina majibu matano.

Sasa tujaribu moja la kujitungia. Mtaa fulani uliwekewa taa za barabarani mwezi Machi. Tangu hapo, wizi wa usiku umepungua. Kwa hivyo taa ndizo zimepunguza wizi. Ni lipi kati ya haya linaidhoofisha zaidi hoja hiyo? La kwanza: taa hizo zilimgharimu mlipa ushuru pesa nyingi kupindukia. La pili: mwezi huohuo wa Machi polisi waliongeza doria za usiku mtaani humo. La tatu: wizi wa mchana mtaani humo haukupungua.

Wengi wetu tutavutwa na la kwanza, maana habari ya pesa za umma hutuchemsha damu. Lakini bei ya taa haisemi lolote kuhusu kama zilipunguza wizi. La tatu ndilo hatari zaidi. Linasikika kama linapinga, kumbe linaunga mkono: taa huwaka usiku, basi ni sawa kabisa wizi wa mchana ubaki palepale. Jibu ni la pili, kwa sababu linaleta chanzo kingine ambacho hoja haikukitaja.

Uliyechagua la tatu, ukiambiwa tu "jibu ni la pili" utasema "aah, kweli", na kesho utaanguka shimo lilelile likiwa limevaa nguo nyingine. Ndiyo maana tunasema maswali manane kwa siku yaliyochambuliwa yanashinda hamsini ya kukimbiza. Weka saa kando kwa wiki za mwanzo. Chukua daftari, andika hitimisho ni lipi na sababu zake ni zipi, kisha andika kwa maneno yako mwenyewe kwa nini kila jibu baya ni baya. Yote manne. Inachosha, tunajua.

Ukishaanza kutumia saa, tia alama kila swali ulilosita. Muda ukiisha, usifungue majibu. Rudi kwa yale uliyotilia alama, uyafanye upya polepole, ndipo usahihishe. Ukipata swali mara ya pili ulilokosa mara ya kwanza, tatizo lako ni kasi. Ukilikosa mara mbili, hujalielewa, na kasi haitakuokoa. Haya ni magonjwa mawili tofauti na hayana dawa moja.

Shule zetu zilituzoesha kukariri mwongozo wa kusahihisha, na huo ndio mtego. Hapa hakuna cha kukariri. Hata kumuomba roboti wa kwenye simu akueleze jibu kabla hujahangaika nalo ni kukariri kwa njia ya kisasa. Afadhali mbishane na rafiki yako kibandani, hata kama haendi kusomea sheria. Usipoweza kumshawishi yeye kwa nini jibu la tatu ni baya, hujaelewa.

Kwa mazoezi yenyewe, baraza linaloandaa mtihani huu, LSAC, lina mtandao uitwao LawHub ambako unaweza kufungua akaunti ya bure na kupata baadhi ya mitihani halisi iliyopita. Anzia hapo kabla ya kumlipa mtu yeyote. Na siku yenyewe usiache swali wazi, kwani jibu baya halikatwi alama.

Haya, moja la nyumbani. Hakuna anayeruhusiwa kuendesha matatu bila leseni. Otieno ana leseni. Kwa hivyo Otieno anaruhusiwa kuendesha matatu. Kosa liko wapi? Andika jibu lako kwenye karatasi, sentensi mbili tu, kabla hujamuuliza mtu.