Mama analipa tiketi ya soko kila siku, mtoto wake akae wapi?

Alfajiri, mitumbwi ya ndagala inaporudi Kalundu, wamama wameshafika ufukweni na mabeseni yao. Anayechelewa ananunua kwa bei ya juu, au anarudi nyumbani mikono mitupu. Wengi wameacha watoto wamelala. Mdogo wa miaka 2 ameachiwa dada yake wa miaka 8, na huyo dada, kengele ya masomo inapolia, bado yuko mlangoni na mtoto mgongoni.

Tunapenda kusema kwamba shule ya msingi ni ya bure. Katiba ya 2006 inasema hivyo katika kifungu cha 43, na tangu Septemba 2019 serikali imejaribu kulitimiza neno hilo. Lakini shule ya bure inamsaidia nini msichana ambaye yeye mwenyewe ndiye kreshi ya nyumba yao? Kila ninaposikia viongozi wakiuliza kwa nini wasichana wanaacha masomo, natamani wapite Kasenga na Kimanga saa mbili ya asubuhi wakahesabu watoto walio migongoni mwa watoto.

Materneli zipo, ndiyo. Sheria ya elimu ya 2014 inazitambua, lakini haimlazimishi mzazi wala haimlipii, na ubure wa 2019 uliishia kwenye shule ya msingi. Kwa hiyo mzazi analipa minervali, au mtoto anabaki nyumbani. Katika Kongo nzima watoto wa miaka 3 hadi 5 wanaopata nafasi hiyo hawafiki hata 1 kati ya 10. Na hata aliyelipa anamfuata mtoto wake kabla ya adhuhuri, wakati samaki bado wako mezani. Kwa wale ambao hawajatimiza miaka 3 kuna bibi, kuna jirani, kuna mgongo.

Bibi mwenyewe siku hizi hapatikani kirahisi. Familia nyingi zilizokimbia vita zimefika Uvira vipande vipande: mama na watoto huku, wazee wamebaki kijijini au wamevuka kwenda Burundi.

Katika mtaa wetu kulikuwa na mama aliyepokea watoto kama kumi na watano barazani pake, kwa makuta kidogo. Siku moja wakaja watu wa ofisi, mafaili kwapani. Hawakuuliza watoto wanakunywa maji gani. Choo hawakukitazama. Waliuliza hati, kisha wakataja bei ya hati. Baada ya wiki mbili mama yule alifunga. Na watoto? Walirudi kwa dada zao wa miaka 8, ambao hakuna anayewadai hati.

Sisemi kanuni hazina kazi. Uvira ni mji wa kipindupindu, na watoto kumi na watano wanaokunywa kikombe kimoja ni hatari kubwa. Uvira pia ni mji wa mito inayoshuka kwa hasira kutoka milimani. Aprili 2020 Mulongwe ilibeba nyumba na kuua makumi ya watu, na aliyeona siku zile hawezi kukubali kituo cha watoto kando ya mto. Maji yaliyotiwa dawa, choo, uzio wenye mlango, kiwanja mbali na mto, na idadi ya watoto ambayo mlezi mmoja anaiweza: hayo ningeyadai hata kwa bibi anayepokea watoto watano tu. Ukuta wa matofali na meza za kununua Bujumbura vinaweza kungoja. Kuandikishwa kuwe bure, kwenye ofisi ya kata, na ziara ya kwanza iwe ya kufundisha. Faini ije kwa anayekataa kujifunza.

Nani afanye? Hapa ndipo tunarushiana mpira. Utasikia kwamba tunangoja Kinshasa. Lakini kifungu cha 204 cha Katiba kinaweka materneli mikononi mwa majimbo, Kinshasa ikitoa viwango tu. Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu miji, komini, sekta na shefri inaenda mbali zaidi: inaupa mji haki ya kuanzisha kreshi. Neno hilo limeandikwa tangu miaka hiyo yote.

Kenya nao waliandika. Katiba yao ya 2010 inataja vituo vya kulelea watoto kati ya kazi za kaunti, na Nairobi ilipitisha sheria yake mwaka 2017. Hata hivyo katika mitaa ya mabanda ya Nairobi walezi wasioandikishwa hawajaisha, kwa sababu sheria peke yake haijengi chumba. Tusiige nusu ya kwanza tu.

Wapo watakaosema mtoto mdogo ni wa mama yake, basi mama akae nyumbani. Hao wamuulize mama huyo nani analipa nyumba. Mwajiriwa wa mshahara, Kanuni ya Kazi ya 2002 inampa wiki 14 za uzazi na nusu saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Muuza ndagala hana bosi wa kumpa hata dakika moja. Ila ana mtu anayemjia kila siku bila kukosa: mkusanya tiketi ya soko.

Tuanzie kwenye tiketi hiyo. Sidai jengo la wafadhili lenye kibao kikubwa barabarani. Nadai sehemu ya pesa ya soko irudi sokoni, kwenye chumba kimoja chenye kivuli, maji na walezi wawili, kinachofunguliwa alfajiri na kufungwa soko linapofungwa. Tujaribu soko moja kwanza, mwaka mmoja. Mama atakayemleta mtoto aongeze kidogo chake, na yule dada wa miaka 8 aende darasani.

Najua jibu: pesa italiwa. Inawezekana, tumeona mengi. Ndiyo maana kitabu kisikae ofisini. Kikae kwa kamati ya wamama wa soko, na mwisho wa mwezi kisomwe mbele ya mabeseni, kwa sauti, kila jina na kila faranga. Hao hao wanaendesha likelemba zao miaka na miaka, na anayejaribu kula zamu ya mwenzake anajulikana kabla jua halijazama.