Chombo hakipimi maji, kinapima vinavyoelea

Makala kuhusu chombo cha kupima kasi ya mikondo ya bahari kwa sauti ni nzuri, ila mwandishi aliposema chombo hiki kinapima maji yenyewe, ameruka jambo kubwa. Sauti inayotumwa na chombo hugonga chembe za tope na viumbe vidogo vinavyobebwa na mkondo, kisha hurudi. Vikija upande wa chombo, sauti hurudi nyembamba kidogo. Vikienda mbali, hurudi nzito. Mwangwi unaowahi umetoka karibu, unaochelewa umetoka mbali, ndiyo maana mlio mmoja hutoa kasi ya tabaka nyingi. Maji yasipokuwa na chembe za kutosha, hakuna kipimo cha kuaminika.

Na kwa anayejiuliza kwa nini chombo kisifungwe tu chini ya meli: sauti ya kilohezi 75 hufika mita mia kadhaa, basi. Zaidi ya hapo chombo hushushwa kwa waya. Ndivyo ilivyofanyika mwaka 1995 kwenye mkondo wa Agulhas, Afrika Kusini, na watafiti Lisa Beal na Harry Bryden wakachapisha matokeo mwaka 1997: juu maji yanakimbilia kusini-magharibi, lakini kwenye kina cha zaidi ya mita 1,000, kando ya mteremko wa bara, mkondo mwingine unaelekea kaskazini-mashariki.