Ndege ni Saa Moja na Robo Tu!

Haya msomaji wangu, chukua kalamu tupige hesabu, maana hesabu hii imenitia adabu.

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere pale Dar hadi uwanja wa Songea, ukinyoosha uzi hewani, ni kama kilometa 580. Basi halina huo uzi. Lenyewe linazunguka Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe ndipo liingie Songea, zaidi ya kilometa 900, na mpaka ushuke saa 14 zimekatika na miguu imevimba. Ndege inapita juu ya Rufiji na mapori ya Hifadhi ya Nyerere, ile iliyomegwa Selous mwaka 2019. Matuta na mizani haivijui.

Ni hizi za pangaboi, Q400, abiria 76. Watu wanazicheka, lakini zinapita kilometa 600 kwa saa. Si ungesema basi haimalizi hata saa? Thubutu! Kuna kutambaa uwanjani, kuna kupanda wakati mwendo bado mdogo, kuna kuzunguka ili ikae sawa na barabara ya kutua. Weka saa moja na robo.

Sasa sikia. Shangazi yangu aliyenilea kule Maposeni, jirani na Peramiho, alifariki Jumatatu jioni. Simu ikanikuta Mbagala saa sita usiku, mabasi ya usiku yameshaondoka. Mazishi kesho yake saa nane mchana. Nikahangaika, nikapata tiketi ya ndege, nikampigia baba mdogo: "Msiwe na wasiwasi baba, nakuja na ndege, ni saa moja na robo tu."

Umeiona hiyo, msomaji? Mimi naongelea mwendo. Mzee wa watu kasikia saa ya kufika, asubuhi, jua linachomoza.

Nyumbani nilitoka saa kumi na mbili asubuhi, maana uwanjani wanakutaka saa mbili kabla na foleni ya Mbagala unaijua mwenyewe. Tuliruka saa nne kasoro robo. Simu ilishazima, usiku kucha nilikuwa napokea pole na chaji ikaniishia.

Kumbe huko Maposeni mawingu yamefunga tangu alfajiri. Wazee wakakaa: mvua inakuja, na mtoto wa Dar anatua saa moja na robo, ya nini kungoja saa nane? Wakarudisha mazishi saa nne. Saa nne ikafika, mimi sionekani. Wanapiga, sipatikani. Wakasubiri, baba mdogo ndiye aliyekuwa akizuia, mpaka saa tano na nusu matone yalipoanza.

Mimi nilitua saa tano. Kungoja begi, kutafuta teksi, kupatana bei, kisha barabara. Maposeni niliingia saa sita na nusu. Yaani tangu Mbagala saa sita na nusu nzima, kwa safari ya saa moja na robo.

Nikakuta vijana wanaosha majembe. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda, koti limelowa. Akanipa mkono, hakuuachia.

"Mwanangu, si ulisema saa moja na robo?"

Nikasema ndiyo, baba, nilisema.